Dawa ya Kifafa na Hasira ya Kijana

Somo: Marko 9:14–29

   

Leo twataka kusema juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi, lakini hunenwa kwa sauti ya chini. Ni habari za kijana mwenye kifafa ambaye alipelekwa hospitali, akapewa dawa, na kuanguka kukapungua au kukakoma kabisa. Wazazi wake wakashukuru. Kisha, baada ya majuma kadhaa, tabia yake ikageuka. Aliyekuwa mpole akawa mkali. Aliyekuwa mchangamfu akawa mtu wa kujifungia chumbani. Aliyekuwa haikosi kwaya hata Jumamosi moja, sasa akiitwa hageuki. Mama yake huuliza, "Mwanangu amepatwa na nini?"

Majirani hawakosi jibu. Huyu asema ni ujeuri wa ujana, utapita. Yule asema ni pepo, ametoka kwa mlango mmoja akaingia kwa mwingine. Wa tatu asema ni malezi, naye haraka hukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, basi fimbo na ifanye kazi yake.

Liko jibu la nne ambalo mara nyingi halitajwi na mtu, nalo ndilo lililotuleta kwenu leo. Huenda mabadiliko hayo yameletwa na dawa yenyewe. Dawa ile ile inayomzuia kijana asianguke motoni yaweza kumtia hasira, huzuni au wasiwasi. Ikiwa hivyo ndivyo, kijana hana kosa, na mzazi wake hana kosa. Tena jambo hili lina njia ya kutengenezwa. Lakini njia hiyo si ile ambayo wengi huikimbilia, yaani kuitupa dawa. Twaomba mtusikilize mpaka mwisho, maana kulijua jambo hili nusu nusu kuna hatari kubwa.

Kwanza tukumbushane kifafa ni nini. Ubongo wa mwanadamu hufanya kazi kwa umeme mdogo sana upitao kutoka chembe moja hata nyingine. Kwa mtu mwenye kifafa, mara kwa mara umeme huo hufumuka ghafula, chembe nyingi zikipiga kelele kwa pamoja, kama soko zima lililoanza kupayuka hata mtu asiweze kumsikia mwenzake. Ndipo mgonjwa huanguka na kutetemeka, au pengine hukodoa macho tu na kupotewa na fahamu kwa sekunde chache. Ugonjwa huu hauambukizi. Povu la mgonjwa halimpi mtu kifafa, na anayemshika ili asijiumize hapatwi na neno. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi watu 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangechunguzwa vizuri na kupata dawa iwafaayo.

Na hapa kwetu Kenya jambo hilo limeonekana kwa macho. Katika iliyokuwa wilaya ya Nakuru, madaktari waliwaandikisha wagonjwa 302 wa mashambani na wa miji midogo, wakawatibu kwa dawa za kawaida za vidonge, na habari zao zikachapishwa mwaka 1991. Wagonjwa 249 walimaliza mwaka mzima wa matibabu. Zaidi ya nusu yao walikaa miezi sita ya mwisho bila kuanguka hata mara moja. Fikirini, ndugu zangu, ni watu wangapi hapo waliorudi shambani, shuleni na jikoni bila hofu. Kwa hiyo tunapoyataja leo madhara ya dawa, wema wake tusiusahau.

Sasa dawa hizo hufanya nini? Hazifanyi kama dawa ya malaria, ambayo huviua vijidudu na kazi ikaisha. Dawa ya kifafa huutuliza ubongo siku kwa siku, ili ule umeme usifumuke. Nao ubongo huo huo unaouamuru mkono ushike jembe ndio unaocheka, ndio unaokasirika, ndio unaolala na kuota. Dawa ikiingia humo haiwezi kugusa kifafa peke yake na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa. Kwa watu wengi hakuna shida kubwa. Kwa baadhi yao, na hasa watoto na vijana, moyo nao huguswa.

Tuzitaje dawa zenyewe kwa majina, maana mzazi anayelijua jina la dawa ya mwanawe ana neno la kumwambia daktari.

Iko fenobabitoni. Hii ni ya zamani, imetumiwa kwa kifafa tangu mwaka 1912. Ni ya bei ndogo, hupatikana hata katika zahanati za mbali, na kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, usiku. Imewaokoa watu wengi mno. Mwanzoni huleta usingizi. Lakini kwa watoto wengine hufanya kinyume: mtoto hatulii, hakai chini, hugombana na kila mtu. Na kwa vijana wengine huleta huzuni nzito. Mwaka 1987 madaktari wa Marekani walichapisha habari za watoto na vijana wenye kifafa waliowachunguza. Kati ya 15 waliokuwa wakitumia fenobabitoni, 6 walikuwa na ugonjwa wa huzuni. Kati ya 24 waliokuwa wakitumia dawa nyingine iitwayo kabamazepini, alikuwa mmoja tu. Tena ilionekana kwamba walio katika hatari zaidi ni wale ambao katika jamaa zao ugonjwa wa huzuni ulikuwako tangu zamani.

Huko Uingereza, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1996, watoto 10 wa kwanza walipopewa fenobabitoni, 6 iliwalazimu kuachishwa kwa sababu ya madhara yake. Lakini huko India, mwaka 1998, madaktari walitoa habari za watoto 94 wa mashambani katika jimbo la West Bengal, wengine wakitumia fenobabitoni na wengine fenitoini, nao hawakuona kwamba fenobabitoni iliharibu tabia kuliko mwenzake. Twawapa habari hizi zote kwa makusudi. Dawa moja yaweza kumfaa mtoto wa jirani bila shida yoyote, na kumsumbua wako. Yaliyompata mwana wa Mama Fulani hayatoshi kukuambia yatakayompata wako.

Iko dawa mpya zaidi iitwayo levetirasetamu, iliyokubaliwa kutumiwa Marekani mwaka 1999. Ni dawa nzuri ya kuzuia kifafa, lakini inajulikana kwa kuleta hasira. Katika majaribio ya watoto wa miaka 4 hadi 16, karibu 38 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo walionyesha mabadiliko ya tabia, kama ukali, ugomvi na wasiwasi. Na wale waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake? Walikuwa karibu 19 katika kila 100. Hapo mwaona mambo mawili. Dawa huongeza shida, hilo ni kweli. Lakini pia wako watoto wenye kifafa wanaobadilika tabia hata bila dawa hiyo.

Iko topiramati, ambayo kwa wengine huchelewesha fikira, mtu akayatafuta maneno asiyapate, na pengine huleta huzuni. Kijana aliyekuwa hodari darasani akianza kushindwa kujibu maswali mepesi, mwalimu atamwita mvivu.

Ziko pia dawa zinazouumiza moyo kwa njia ya kuzunguka. Fenitoini ikitumiwa siku nyingi yaweza kuvimbisha ufizi na kuotesha nywele usoni. Valproeti yaweza kumnenepesha mtu au kumpunguzia nywele za kichwa. Kwa mtu mzima mambo haya pengine si makubwa. Kwa msichana wa miaka 15 anayechekwa na wenzake njiani, yaweza kuwa makubwa kuliko kifafa chenyewe. Na juu ya hiyo valproeti, Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba isipewe wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa, kwa sababu yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Binti anayeitumia asiiache mwenyewe, bali mzazi amwulize daktari mapema.

Kabamazepini na lamotrijini kwa kawaida haziusumbui moyo sana, na madaktari huzitumia hata kuwatuliza watu ambao hisia zao hupanda na kushuka. Lakini hata hizo zina taratibu zake na madhara yake. Hatuzitaji ili mtu aende dukani kujichagulia. Twazitaja ili mjue kwamba dawa za kifafa ni nyingi, na kwamba moja ikikataa, hatujafika mwisho wa njia.

Jambo moja ni zito, nalo hatuna budi kulisema wazi. Mwaka 2008 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa ilikusanya majaribio 199 ya dawa 11 za kifafa na kuyatazama kwa pamoja. Kati ya waliotumia dawa, watu wapatao 4 katika kila 1000 walipatwa na mawazo ya kujiua au walijaribu. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikuwa wapatao 2. Idadi hiyo ni ndogo, wala hakuna sababu ya kuingiwa na hofu kila tumwonapo mtoto akimeza kidonge. Lakini hao wachache ni wana wa watu, na kwa hiyo mzazi apaswa kujua la kutazama.

Je, basi kila hasira ya kijana mwenye kifafa yatokana na dawa? Hasha. Kifafa chenyewe chaweza kuugeuza moyo. Kikianzia sehemu ya ubongo iliyo upande wa sikio, ambako kumbukumbu na hisia hufanyika, mgonjwa aweza kuwa na hofu au hasira saa kadhaa kabla ya kuanguka, au siku nzima baada yake. Ujana nao una mambo yake, na kila mzazi ayajua. Tena kuna uchungu wa kutengwa. Kijana huyu ameambiwa asiogelee mtoni, asipande mti, asiendeshe baiskeli barabarani. Ameanguka mbele ya darasa zima akajikojolea, na kesho yake akarudi kukaa kwenye dawati lile lile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Twawezaje basi kutambua kwamba ni dawa? Swali kubwa ni hili: yalianza lini? Tuseme yuko kijana aliyeanza dawa mwezi wa Januari, naye akawa mzima wa tabia mpaka Machi. Mwezi wa Machi dozi ikaongezwa, na kabla Aprili haijaisha akawa hapatani na mtu. Hapo dawa ina kesi ya kujibu. Lakini kama ugomvi ulikuwako tangu mwaka uliotangulia, kabla hajameza hata kidonge kimoja, yatupasa kutafuta penginepo. Mkumbuke pia kwamba dawa nyingine hujikusanya mwilini pole pole. Fenobabitoni huchukua majuma mawili au matatu hata ifikie kiasi chake kamili katika damu. Kwa hiyo mabadiliko yasipoonekana siku ya kwanza wala ya pili, msiseme upesi kwamba dawa haihusiki.

Hapa ndipo tunapolikumbuka somo letu. Baba mmoja alimleta mwanawe aliyekuwa akiangushwa tangu utoto wake, mara motoni, mara majini. Katika Injili ya Mathayo, Biblia ya Kiswahili ambayo wengi wetu huisoma yautaja ugonjwa huo kwa jina la kifafa. Twajua wako wanaolishika somo hili na kusema, "Mwaona? Kifafa ni pepo, na dawa za nini?" Hatukuja kubishana nao leo. Twawaomba tu watazame jambo moja katika sura ile ya tisa ya Marko. Palikuwa na makutano mengi na mabishano mengi. Lakini Yesu, kabla hajamkemea yule pepo, alimwuliza yule baba swali: mtoto amekuwa hivi tangu lini? Akamwacha aeleze, na yule baba akaeleza yote. Hilo ndilo swali ambalo daktari mwema huanza nalo. Na ndilo swali ambalo sisi nasi twaweza kumwuliza mama aliyekuja kanisani akilia, kabla hatujampa majibu yetu.

Maombi na vidonge havigombani. Mwombee kijana, naam, tena umwombee akiwapo ili ajue hajaachwa. Lakini asiwepo mtu wa kumwambia atupe dawa yake ili aonyeshe imani. Na asiwepo wa kumwambia kwamba hasira yake ni dhambi iliyofichika, kabla haijajulikana dawa anayomeza ni gani na alianza lini.

Sasa twaja kwenye mambo ya kufanya. Tutayasema moja moja.

La kwanza, msiikatize dawa ghafula. Hili twalirudia: msiikatize dawa ghafula. Ubongo uliozoea kutulizwa ukiachwa mara moja waweza kufumuka kuliko zamani. Mgonjwa aweza kuanguka mara kwa mara mfululizo bila kuzinduka katikati, na hali hiyo huua. Akitetemeka zaidi ya dakika 5, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, ni mtu wa kupelekwa hospitali saa ile ile. Basi msiitupe, msivigawanye vidonge kwa kisirisiri, wala msimpe dawa ya mgonjwa mwingine.

La pili, mwulizeni kijana mwenyewe. Si mbele ya wageni, wala si wakati wa ugomvi. Mwulizeni jioni, kazi zikiisha, kwa sauti ya mzazi: "Mwanangu, tangu uanze dawa hizi, waonaje moyoni?" Wengi wetu twajua kuuliza, "Umemeza?" Ni wachache wanaouliza, "Zakufanyaje?" Naye akisema kwamba azichukia, msimkemee. Vijana wengi huvificha vidonge chini ya godoro kwa sababu hawapendi vile wanavyojisikia wakivimeza, na mzazi hujua siku mtoto aangukapo. Ni heri aseme akijua hatapigwa. Mficha maradhi kifo humfichua.

La tatu, andikeni. Daftari dogo la shule latosha. Andikeni tarehe dawa ilipoanza, dozi yake, na siku dozi ilipobadilishwa. Andikeni siku alizoanguka. Andikeni usiku aliolala vizuri na usiku aliokesha. Andikeni siku za hasira na siku za huzuni. Msiandike kwamba alikuwa mbaya, andikeni alilolifanya: alivunja sahani, alilia bila sababu, alikataa chakula siku mbili. Majuma manne ya daftari la namna hiyo humsaidia daktari kuliko maneno mengi.

La nne, rudini kliniki mapema, msingoje tarehe ya kuchukua dawa nyingine. Chukueni daftari, na chukueni vidonge vyenyewe katika mfuko wake. Kliniki zetu zina watu wengi, na daktari au afisa wa kliniki huenda akauliza tu, "Anaanguka bado?" Mkijibu, "Haanguki," ataandika dawa ile ile na kumwita mwingine. Basi msiondoke. Semeni, "Haanguki, twashukuru, lakini tangu dozi ilipoongezwa amekuwa mtu mwingine. Je, yaweza kuwa ni dawa?" Swali hilo si utovu wa heshima. Daktari haishi nyumbani kwenu, hawezi kuyajua ya jikoni msipomwambia.

Naye daktari ana mengi ya kufanya. Aweza kupunguza dozi kidogo. Aweza kuipandisha dawa pole pole zaidi. Kama kijana ameandikiwa dawa mbili au tatu, aweza kuona kwamba moja yatosha. Aweza kumhamisha kwenye dawa nyingine, akiiingiza mpya kidogo kidogo huku akiitoa ya zamani kidogo kidogo, kazi ambayo yaweza kuchukua majuma au hata miezi. Na akiona huzuni imekuwa ugonjwa wenyewe, aweza kuitibu hiyo huzuni, kwa mashauri na pengine kwa dawa yake. Haraka haraka haina baraka, wala katika jambo hili haina usalama.

La tano, jueni dalili za hatari. Kijana akisema kwamba heri afe, au kwamba nyumba itapumzika akiondoka, msimwambie anatafuta huruma. Akianza kugawa vitu vyake, akiacha kula na kulala, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, msingoje. Mwulizeni wazi kama ana mawazo ya kujiua. Wako wanaoogopa kwamba kuuliza kutamtia wazo hilo. Sivyo, kuuliza humpa nafasi ya kuutua mzigo. Msimwache peke yake. Ziondoeni karibu naye kamba, visu, dawa za kupulizia mimea, dawa ya kuoshea ng'ombe, na hata akiba ya vidonge vyake, mkawa mnampa ninyi wenyewe dozi yake kila siku. Kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

La sita, shule ijue. Mwanafunzi wa bweni anayeamshwa saa kumi za usiku kusoma, akilala saa tano, anakosa usingizi, na kukosa usingizi huamsha kifafa na kuongeza hasira. Mwalimu wa darasa na matroni wakijua, watampa nafasi ya kumeza dawa bila kuonewa na kulala saa za kutosha. Tena hawatamfukuza kwa ukali ambao huenda ni wa dawa. Hatusemi kijana huyu aachiwe kila kitu. Akivunja dirisha na asaidie kulitengeneza. Lakini fimbo haiwezi kuitoa dawa katika damu.

Na ninyi vijana mnaotusikiliza, huenda mmoja wenu amekaa peke yake na redio ndogo, akijiuliza kama amekuwa mtu mbaya. Twataka kukuambia hivi. Kama tangu uanze dawa moyo wako umekuwa mzito, au hasira yakujia kama moto wa nyasi kavu na baadaye hujui ilitoka wapi, huna wazimu, wala hujakataliwa. Huenda ni dawa, na dawa hubadilishwa. Usiivunje mwenyewe. Mtafute mtu mmoja mzima unayemwamini, awe mama, awe mjomba, awe shangazi, awe mwalimu, umwambie maneno haya haya: "Nafikiri dawa yangu yanibadilisha moyo. Nipeleke kliniki." Na kama mtu wa kwanza hatakusikia, mwambie wa pili.

Ninyi mlio majirani na washiriki wenzao, twawaomba jambo dogo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hatuuoni uzito wake mpaka tuushike. Basi ushikeni kidogo. Mama mmoja wa chama aweza kumsindikiza mwenzake kliniki, maana njiani wawili huongea, na mbele ya daktari mmoja hukumbuka alilolisahau mwingine. Mzee wa kanisa aweza kumtembelea kijana bila kumhubiria, akamwuliza habari za masomo na za mpira. Kiongozi wa kwaya aweza kumwachia nafasi yake, asiipe mtu mwingine, akamwambia, "Ukiwa tayari, kiti chako kipo."

Basi, wapenzi wasikilizaji, kama mwanao anatumia dawa za kifafa, usiku huu kabla hamjalala mwulize moyo wake u hali gani. Kisha andika alilosema, na tarehe yake. Kesho asubuhi tazama katika kadi yake siku ya kliniki ni lini, na kama moyo wake si mzima, usiingoje siku hiyo.

Mungu awatunze ninyi na watoto wenu. Kwaherini.